Chagua Boya kwa Macho ya Nahodha

Wanangu, kila msimu wa kaskazi ukiingia mnanijia na swali lile lile, nami kila msimu nalijibu. Kulijibu sichoki. Ninachochoka nacho ni kuona jibu limesahaulika kabla kusi haijaanza kuvuma. Mnakuja na simu mkononi: "Shikamoo mzee, hebu tazama, lipi zuri hapa?" Hili la waridi, lile lenye mfuko wa zipu, jingine limepigwa chapa ya kampuni kubwa ya Ulaya. Mnauliza bei, mnauliza kama litaenea kwenye mfuko wa jaketi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza: mzee, wewe uliyeshika usukani miaka yote hiyo, ukiwa unatutafuta huwa unaona nini?

Hilo ndilo la kuuliza, na mengine yote yanatoka humo. Boya la kuzamia unalinunua wewe na kulibeba wewe, lakini atakayelitumia ni mtu mwingine, amesimama kwenye mashua, jua linampiga usoni, chumvi imemkaukia kwenye kope, na hajui ulipo. Macho yake hayatafuti mgeni wa hoteli wala mwalimu wa kuzamia. Yanatafuta kitu kisichofanana na maji. Ukinunua boya la kumpendeza mzamiaji, umenunua pambo.

Kaeni basi niwaeleze anachokiona.

Bahari yetu haina tabia ya kumngoja mtu. Mkondo wa pwani hii ya Tanzania unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma unaongeza kasi, kaskazi ikivuma unapungua, lakini kwenda unakwenda. Juu yake kuna kujaa na kupwa, na siku za bamvua kila mlango ulio kati ya miamba unageuka mto. Pale Kinasi, Mafia, maji yakijaa yanakuingiza ghuba ya Chole, yakipwa yanakutoa bahari kuu. Mfereji wa Pemba, baina ya kisiwa na bara, kina chake kinapita mita 800, kwa hiyo ukishaachana na ukuta wa matumbawe huna pa kushika wala pa kukanyaga. Sasa pigeni hesabu. Mkondo wa maili mbili za baharini kwa saa si wa kutisha, wengi wenu mmeshaucheza mkicheka. Huo ni kilomita 3.7 kwa saa. Ukikaa chini dakika 45, unaibuka karibu kilomita 2.8 kutoka pale ulipojitupa. Nahodha anayejua kazi atakufuata kwa mapovu, lakini bahari ikichafuka, povu la wimbi na povu la mzamiaji ni povu tu.

Ukishaibuka, kichwa chako kinasimama sentimita 20 au 30 juu ya maji. Kwa jicho lililo sentimita 20, upeo unaishia kilomita 1.6 hivi, bahari ikiwa shwari kama kioo. Nahodha aliyesimama, jicho lake likiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake unafika kilomita 5. Mtasema basi yeye ndiye atakayetangulia kutuona. Hapana. Anachokiona mbali vile ni mstari wa mbingu na maji, au tanga la ngalawa. Kichwa cheusi kilichovikwa kofia nyeusi ya mpira, kati ya mawimbi meusi ya alasiri, ni kitu kingine kabisa. Wimbi la mita moja likisimama baina yenu, hupo. Wewe unaiona boti: ni nyeupe, imeinuka, ina moshi na mlio. Yeye hakuoni. Unapiga kelele, unapunga mkono, na boti inageuza inakwenda zake. Februari 2014 wazamiaji saba wa Kijapani walipotea karibu na Nusa Lembongan, kule Bali, na watano waliookolewa wakiwa hai walipatikana baada ya siku tatu. Siku tatu, wanangu, katika eneo linalojaa boti za watalii kila asubuhi.

Ndiyo maana naanza na urefu, si rangi. Vile viboya vya sentimita 90 vinavyouzwa pamoja na rili ya plastiki, bei poa, vinafaa bwawani au siku ya maji mafu pasipo upepo. Nusu yake inazama, nusu inayobaki juu haishindi wimbi dogo. Kwa bahari yetu tafuteni mita 1.5 au 1.8. Najua mtaniambia linajaza mfuko. Likunje vizuri, lifunge kwa mpira, litakaa. Mnabeba kamera kubwa kuliko kichwa cha mtoto na hamlalamiki.

Upana nao una hila yake, na hapa muuzaji huwapumbaza wengi. Boya likiwa bapa mezani, upana sentimita 15, mnunuzi anadhani likijaa litakuwa nene sentimita 15. Haiwi hivyo. Kitambaa cha upande huu na upande ule kwa pamoja ni sentimita 30, na hizo zikijiviringa zinatoa duara la kipenyo cha sentimita 9 na nusu tu. Kwa urefu wa mita 1.5, boya hilo linachukua hewa lita 10 na ushei. Ongeza upana bapa uwe sentimita 20, urefu ule ule, na hewa inakaribia lita 19. Kila lita ya hewa ndani ya maji inainua takriban kilo moja. Kwa hiyo lile pana linasimama kidete, na siku jaketi lako la kuelea likitoboka unaweza kulikumbatia likakushikilia. Lile jembamba linasimama huku linayumba, na kwa nahodha aliye mbali kitu chembamba hupotea kabla ya kitu kifupi. Lakini kumbukeni vilevile kwamba kilo 19 za kuinua zinaweza kukuinua na wewe. Hilo nitalirudia chini.

Sasa rangi, maana najua mmekuwa mkiingoja. Machungwa inayowaka, ile ya kung'aa kama vizibao vya mafundi wa barabara, haijawahi kuniangusha mchana. Waridi linalowaka nalo ni zuri. Nyekundu iliyoiva inapendeza dukani, ila jua likianza kushuka inageuka nyeusi, na nyeusi baharini ni nyingi mno. Njano ndiyo mnayonibishia. Mnasema kule Ulaya mmeona njano. Ni kweli, na baadhi ya wazamiaji, hasa wa Uingereza, hutumia njano kwa maana maalumu: nina shida huku chini, nileteeni msaada. Kwao nyekundu au machungwa ni ishara ya salama tu, ya kusema nipo, napanda. Wapo wanaobeba boya lenye machungwa upande mmoja na njano upande wa pili. Sasa tazameni bahari yetu. Wavuvi wa hapa hufunga nini kwenye nyavu na mishipi yao? Dumu la mafuta ya kula. La rangi gani? Njano. Jicho la nahodha wa Nungwi au Msambweni limefundishwa tangu utotoni kwamba njano inayoelea ni wavu wa mtu, ipishe usije ukakata kamba. Wewe umepandisha boya lako la njano la kuomba msaada, naye anakuzunguka kwa adabu na kuendelea na safari. Kama ni lazima ubebe njano, basi ongea na nahodha kabla hamjang'oa nanga, mwonyeshe kwa mkono, mkubaliane ina maana gani. Asipojua maana yake, hiyo ni dumu.

Pale Mnemba, asubuhi ya msimu, boti zimepangana kama daladala za Darajani, na kila boti imeshusha watu wake. Maboya yanaibuka hapa na pale, yote machungwa. Nahodha anakwenda kwenye boya, anamkuta mgeni wa kampuni nyingine, anarudi, na wakati huo watu wake wanasukumwa. Dawa yake ni kalamu ya wino usiofutika. Andika herufi kubwa, nene, ubavuni mwa boya karibu na ncha ya juu, jina la boti au namba mliyokubaliana. Iandike pande mbili. Kalamu haina gharama ya kutaja, na bado naona maboya matupu.

Twende chini ya boya, kwenye mdomo wake, kwa maana hapo ndipo pesa yako inapokwenda au inapopotea. Kuna aina tatu. Ya kwanza iko wazi chini kabisa. Unaweka mapovu yako, hewa inaingia, boya linapanda. Rahisi, na ndiyo waliyofundishiwa wengi wenu. Ubaya wake unaonekana juu: wimbi likililaza, au kamba ikilegea, hewa inamwagika kwa mdomo ule ule ilioingilia. Nahodha ameona kitu machungwa kwa sekunde tano, akageuza usukani, akatazama tena, hakuna. Hajui kama ameona boya au mfuko wa plastiki. Nimeyatafuta maboya ya namna hiyo hadi macho yakauma.

Ya pili ina mdomo chini, lakini ndani ya mdomo kuna ulimi laini wa mpira unaopitisha hewa ikiingia na kujifunga ikitaka kutoka. Hili likilala juu ya maji, linalala likiwa limejaa, na ukivuta kamba linasimama tena. Ya tatu imezibwa kabisa, ina kimrija kidogo cha kupulizia kwa mdomo au cha kuchomeka mpira ule unaojaza jaketi lako. Hii haivuji, ila inataka vidole vilivyotulia na mazoezi, kwani tundu ni dogo na kina hakikungoji. Mimi nawaambia wengi wenu chukueni ile ya pili, yenye kimrija cha kupulizia kwa mdomo pia. Chini utaijaza kwa mapovu, na ukifika juu ukakuta imelegea utaikaza kwa pumzi zako. Boya lisilokubali kuongezwa hewa mkiwa juu ni boya la kutumia mara moja.

Yoyote iliyofungwa lazima iwe na vali ya kuachia hewa ikizidi. Mlisoma shuleni kwamba kanieneo inaongezeka na kina. Hapa ndipo somo lile linapofanya kazi. Mita 10 kanieneo ni mara mbili ya juu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Hewa lita moja uliyoiweka mita 20, ikifika juu ni lita tatu. Boya la lita 10 ukilijaza mita 20, linataka lita tatu na nusu tu, pumzi moja nzuri ya mtu mzima. Ukijaza boya lililofungwa hadi likaze huko chini, na vali yake ni mbovu au imeziba chumvi, mishono itapasuka kabla halijaona jua. Upande wa pili, ukingoja hadi mita 5 ndipo ulitume, kanieneo ni mara moja na nusu, kwa hiyo unahitaji karibu lita saba kulijaza. Utapuliza mara mbili, tatu, nalo litakuwa linakuvuta wakati wote huo, wewe unapanda na kushuka mahali unapotakiwa kutulia dakika tatu. Wanaotuma boya wakiwa mita 15 au 20 hupata boya lililojaa kwa jasho dogo, na zaidi ya hapo humpa nahodha muda. Anaona machungwa, anasogea taratibu, anazima mashine, na nyinyi bado mnapanda kwa utulivu. Hiyo ndiyo heshima mnayoweza kumfanyia.

Kamba. Hapa naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili. Rili yenye mpini na kizuizi ni tamu mkononi, na ikikwama ni balaa. Spuli, ile duara ya plastiki yenye tundu katikati, haina kifaa cha kukwama, inazunguka kwenye vidole vyako viwili tu. Anayeanza namshauri spuli ya mita 30. Kama mnatuma boya kutoka mita 20, mita 20 za kamba hazitoshi, kwa sababu mkondo wa juu na wa chini si ndugu. Kamba inakwenda mshazari. Iwe nene kiasi cha kushikika, nyeupe au machungwa, si uzi wa kuvulia changu unaokata ngozi. Mwisho wa ndani uwe umefungwa kwenye spuli. Nimeona kamba ikikimbia hadi mwisho na boya likaenda peke yake Mombasa.

Na msifunge kamba hiyo mwilini wakati wa kutuma. Si kwenye jaketi, si kwenye mkanda, si kwenye kifundo cha mkono. Wapo wanaobana ndoano ya rili kwenye pete ya jaketi ili wasiipoteze, kisha wanaachia boya. Kamba inajikunja, rili inauma, na boya la lita 19 linaanza kupanda na mtu. Ukiwa na mtungi mgongoni na pumzi umeizuia kwa hofu, hewa iliyo kwenye mapafu inapanuka kama ile iliyo kwenye boya, ila mapafu hayana vali ya kuachia. Spuli ikikwama, fungua vidole, iache iende. Nahodha ataliokota boya na spuli yako, atakurudishia, atakutania wiki nzima. Boya linanunuliwa tena. Bandari zetu nyingi hazina chumba cha kutibia ugonjwa wa wazamiaji, na safari ya kukifikia kilipo ni ndefu kwa mtu asiyehisi miguu yake.

Kabla ya kuliachia tazama juu. Nasema hivi kwa kuwa mmezoea kutazama kamba tu. Kama kuna kivuli cha boti juu yenu, ngojeni kipite. Boya likiibukia chini ya boti ya mashine, kamba inajifunga kwenye pangaboi, na ncha ya pili ya kamba ile iko mkononi mwako.

Mtu akiniambia ameshanunua, simpongezi, namuuliza amelifanyia nini. Lipulize nyumbani jioni, lifunge, lilaze chumbani. Asubuhi likiwa limenywea, limevuja usiku kucha na wewe umelala. Liingize kwenye beseni au kwenye maji ya ufukweni, likandamize, fuata mapovu: yakitoka kwenye mshono, rudisha dukani, yakitoka kwenye vali, huenda ni chembe ya mchanga tu, ioshe. Mishono iliyounganishwa kwa moto hudumu kuliko iliyoshonwa kwa cherehani ikapakwa gundi. Tazama ile pete ya chini inayofungiwa kamba: imeshikiliwa na nini? Uzito wote wa kuvuta uko hapo. Kama ni kipande cha utepe kilichoshonwa mara moja, mishono mitatu, itang'oka siku ya mawimbi. Na baada ya kila safari lioshe kwa maji baridi, ndani na nje, kwa kuwa chumvi ikikauka kwenye ule ulimi wa mpira unabaki wazi, na boya lako la aina ya pili limekuwa la aina ya kwanza bila wewe kujua. Lianike kivulini. Jua la pwani hula rangi ya kuwaka upesi kuliko mnavyodhani. Boya la machungwa lililoachwa kwenye ukingo wa mashua msimu mzima huishia rangi ya ganda la muwa.

Kisha mazoezi. Ufukweni, mita 5, maji ya kujaa yakitulia, utume boya hadi mkono ujue wenyewe. Fanya ukiwa umeshika tochi, fanya ukiwa umevaa glovu kama unazivaa, mfanyie mwenzako ishara katikati ya kazi. Boya jipya ambalo halijatoka mfukoni ni mzigo.

Kitu kingine kinachonichosha: kundi la watu wanane, boya moja, analo kiongozi. Nauliza wengine vipi, naambiwa "watakaa naye." Mkondo ukigawanyika kwenye kona ya mwamba, wanne wanapelekwa kulia na wanne kushoto, na wale wanne wa kushoto sasa hawana sauti juu ya maji. Kila jozi iwe na boya lake, na kila kiongozi awe na la akiba. Mgeni wa hoteli anaweza kukataa kubeba. Mpe kwa upole, mwambie ni sharti la mashua. Wengi wao wakishaelezwa hesabu ya kilomita 2.8 huomba wenyewe.

Ingawa nasifu boya hivi, sitaki mlipe kazi isiyo yake. Januari 1998 Tom na Eileen Lonergan, Wamarekani, walizamia na kundi kwenye Great Barrier Reef, Australia. Boti iliwaacha, kwa kuwa watu waliorudi hawakuhesabiwa sawasawa, na siku mbili zikapita kabla yeyote hajagundua kuwa hawapo. Hawakupatikana. Hapo hata boya la mita tatu lingesimama wima bila jicho la kulitazama. Kwa hiyo nyinyi mnaofanya kazi kwenye boti, hesabuni watu kwa majina, mtu akijibu kwa sauti yake mwenyewe, si kwa kuhesabu mitungi wala kutazama viti. Mwenzake asimjibie. Na nahodha asiwashe mashine kabla orodha haijamalizika, hata mteja mwenye haraka ya kuwahi ndege apige meza.

Jua likishatua, mambo yanabadilika. Utepe wa kuakisi ulioshonwa kwenye ncha ya boya hauna mwanga wa kwake. Unamrudishia nahodha mwanga wa tochi yake. Kama hana tochi, ni utepe. Kwa hiyo beba tochi ndogo ya akiba, hata kwenye safari ya saa tisa alasiri, kwa kuwa safari ya saa tisa iliyoharibika inaisha saa moja usiku. Boya lililo wazi chini, na hapa lazima nilitendee haki, lina uzuri wake: ukiingiza tochi ndani ukaimulika kwenda juu, boya zima linawaka kama taa ya chemli, na linaonekana mbali kuliko tochi yenyewe. Kwa yale yaliyofungwa, tafuteni lenye kitanzi nchani cha kufungia taa ya kumeta. Mchana, kioo kidogo na filimbi vitakaa kwenye mfuko ule ule. Kioo kikipata jua kinapiga jicho la nahodha kutoka mbali, na filimbi haichoshi koo.

Mkiibuka na boti haipo, simamisheni boya, na mtu mmoja avute kamba kwenda chini ili lisimame wima. Boya lisilovutwa linalala ubavu. Mkiwa wawili au watatu wenye maboya, yasimamisheni yote, mkae mmeshikana. Rangi nyingi pamoja huonekana mapema kuliko moja moja. Msishindane na mkondo kurudi mlikotoka. Nguvu zinaisha na nahodha anatafuta upande wa pili. Geuzeni uso mlikotarajia boti, wekeni akiba ya pumzi, na mara kwa mara mmoja aongeze hewa kwenye boya. Likilegea ndilo linalowapoteza.

Na wewe uliye juu, mwanangu wa usukani, usikimbie ovyo. Watu wakichelewa dakika kumi kupita muda mliokubaliana, rudi pale ulipoona boya au mapovu kwa mara ya mwisho, zima mashine, tupa dafu tupu majini au dumu lenye maji nusu, na utazame linakokwenda. Lenye maji nusu ni bora, kwa sababu halisukumwi sana na upepo, linakwenda na maji kama mtu. Lifuate polepole, jua likiwa mgongoni kila inapowezekana, maana ukitazama upande wa jua la alasiri bahari yote ni mng'ao na machungwa haionekani. Weka mtu mmoja asimame mbele, atazame kushoto tu, na mwingine kulia tu. Piga simu au redio mapema, ziambie boti za jirani rangi ya boya na herufi zilizoandikwa juu yake. Kama hukuwahi kuziuliza herufi hizo asubuhi, waulize waliobaki kwenye boti, mmoja wao atakuwa alimwona mwenzake akiziandika.